Pascalia Nekoye, Aliyetangulia Kunywa

Alizaliwa Pascalia Nekoye mwaka 1941, upande wa Navakholo, siku ambayo mvua ya mawe ilivunja vyungu vyote vya kijiji isipokuwa kimoja, cha mama yake, kilichokuwa mekoni kikichemsha tangawizi. Wako wanaosema mtoto hakulia alipotoka, alipiga chafya, na chafya yenyewe ilinukia. Tunaliandika kama tulivyolipokea. Alibatizwa, akapata kipaimara, na mwaka 1959 akaolewa na Erastus, mkulima wa miwa, mtu mpole wa maneno machache. Roma haijasikia jina la mama huyu na pengine haitalisikia. Lakini katika kigango chetu ukisema "mtakatifu" ukaishia hapo, hata kuku wanajua umemtaja nani.

Mwito wake ulikuja kwa mlango mbaya. Mwezi wa Aprili 1990 tumbo la Erastus lilikuwa limevimba na kuwaka kwa miezi mitatu, hata uji ukipita alishika ukuta. Zuena, muuza viungo kutoka Matungu ambaye Pascalia alizoeana naye sokoni, akaleta dawa ya kwao: manjano, tangawizi, mdalasini na pilipili manga, vimechemshwa pamoja. Sasa, kwetu kikombe hakipokelewi hivi hivi. Anayekupa hutangulia kunywa, ndipo ujue hamna sumu. Erastus alikitazama kikombe, akamtazama mgeni. "Aonje yeye kwanza." Zuena akasema, "Shemeji, wallahi ningeonja, lakini ni Ramadhani, nimefunga. Ngoja magharibi tutakunywa sote." Jua lilipozama, Zuena akanywa kikombe kizima mbele ya mgonjwa, lakini Erastus hakuweza tena kumeza. Alizikwa Jumamosi. Na Pascalia, aliyeshinda hapo kando ya kitanda na mdomo wake mzima, alibaki na jambo moja ambalo hata kwenye kitubio hakulitoa mpaka mwaka uliofuata: hakuna aliyemkataza yeye kuonja. Aliogopa, basi.

Mwaka 1991 aliweka nadhiri mbele ya altare kwamba hakuna mtu atakayekufa tena akikiogopa kikombe. Akaenda kwa Zuena kujifunza. Alisaga, akapepeta, akachemsha, na alipouliza kama pilipili manga inaweza kuachwa kwa kuwa inachoma, Zuena alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada, manjano bila pilipili ni rangi tu. Nenda upake ukuta." Pascalia akaongeza mukombero, mzizi mtamu ambao watu wa Buyangu huutafuna kwa ajili ya tumbo, na kuanzia hapo watu wakamiminika. Kila mgonjwa alipofika, Pascalia alijimiminia kwanza, akanywa, akafungua mdomo ionekane hakuna kilichobaki shavuni, ndipo akampa. Wagonjwa ishirini, vikombe ishirini. Sifuna, mkata miwa aliyeletwa kwa mkokoteni akiwa amejikunja kama ndoana, baada ya wiki tatu alirudi shambani akakata mistari ambayo watu wanne hawangemaliza, na inasemekana trekta lilikataa kuibeba miwa ile kwa aibu. Jogoo aliyekunywa mabaki chini ya meza aliwika siku tatu bila kupumzika. Mwiko wake wa kukorogea ulitoa majani mawili. Haya yote yana mashahidi, na baadhi yao walikuwa hawajalewa.

Lakini mwili ule haukuwa wa chuma. Mwaka 1994 Pascalia alianza kuamka alfajiri na moto chini ya kifua. Dawa iliyopoza matumbo ya wengine ilikuwa inachoma lake, maana wao walikunywa kikombe kimoja kwa siku na yeye alikunywa vya wote. Alisali novena saba. Mbingu haikumjibu hata kwa ndoto. Mwezi wa Machi 1996 alitapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa, na binti yake Priscah akampeleka hospitali mjini Kakamega, ambako daktari alimwambia wazi: "Mama, tumbo lako limekuwa sufuria iliyotoboka. Pilipili, hata ya kuonja, basi. Ukiendelea hutamaliza miaka miwili."

Akatii. Kwa majuma matatu alichemsha bila kuonja, na katika majuma hayo aliona yale aliyoyaona kwa Erastus, tena na tena. Bibi mmoja, Muhonja, aliyekuwa amefunga tumbo kwa leso mbili, alikirudisha kikombe mezani. "Mayi, mama yetu, wewe unakunywanga kwanza. Leo mbona unaniangalia tu?" Pascalia akamweleza maneno ya daktari. Muhonja akainuka polepole. "Kama inatoboa wako, wangu itashona?" Akaenda zake. Wengine waligeukia langoni walipoona kikombe ni kimoja. Muhonja alifariki kabla ya Pasaka, na Pascalia alitembea hadi matangani akakaa nyuma ya nyumba, mahali pa wapishi, kwa sababu hakuweza kuuangalia uso wa yeyote wa mji ule.

Ndipo alipoliomba kanisa. Alitafuta mtu mmoja tu, mwenye tumbo zima, wa kuonja badala yake mbele ya wagonjwa. Priscah alitaka, lakini tumbo lake lilikuwa la mama yake, limeshaanza kuwaka, na Pascalia alimwapisha asiguse. Jumapili ya pili baada ya Pasaka, katekista Philip alisimama baada ya matangazo. "Ndugu zangu, mama yetu anaomba mmoja. Mmoja tu." Kanisa lilikuwa limejaa, nusu ya waliokaa humo waliwahi kunyanyuliwa na kikombe cha Pascalia. Watu wakatazama viatu. Mtoto alilia, akanyamazishwa. Kisha Sifuna, yule yule wa mkokoteni, akasema kutoka benchi la nyuma, "Mimi hili tumbo ni la obusuma na ingokho, ugali na kuku. Dawa tuwaachie watakatifu!" Kanisa likaangua kicheko, kicheko kirefu cha watu waliopata pa kutokea, na Philip akaimbisha wimbo wa mwisho. Pascalia naye alitabasamu. Alijifunga leso, akaenda nyumbani, akawasha moto, na mgonjwa wa kwanza alipofika saa nane mchana, akajimiminia kikombe, akanywa.

Alikunywa kwa mwaka mmoja na siku kumi na tisa. Zuena alikuja kila wiki na viungo, akilia njia nzima, na akajitolea kuonja yeye. Wagonjwa wakasema huyo ni mgeni, wao wanamjua Pascalia. Alifariki tarehe tisa Mei 1997, mchana, akiwa na miaka hamsini na sita. Wazee wa kanisa walitaka kuandika kwamba aliaga akitaja jina la Bwana. Priscah, aliyemshika kichwa, alikataa. Maneno yake ya mwisho yalikuwa haya: "Mwambie atakayekuja, nimechoka kunywa."

Jeneza liliposhushwa, harufu ya mdalasini ilitoka kaburini ikaenda hadi Matungu, hata wateja wakamwendea Zuena wakimuuliza amefungua gunia gani jipya. Nyuki walikaa juu ya msalaba siku arobaini na hawakumuuma mtu. Kila tarehe tisa Mei tunakusanyika pale. Sifuna ndiye anayefyeka majani, ndiye anayepasua kuni, ndiye anayechota maji. Mwaka huu wa 1999 alikuja mwanamke kutoka Navakholo sokoni, amejishika tumbo, rangi ya uso imemtoka. Priscah akachemsha kwa vipimo vya mama yake na kumimina. Mgonjwa akasubiri. Watu wakaambiana, "Tangulia, mzee." "La, tangulia wewe." Sifuna akakichukua kikombe kwa mikono miwili, akakiinua hadi kidevuni. Dawa ikamwagikia shati lake, akakirudisha. Mwanamke yule akangoja mpaka dawa ikapoa, akashukuru kwa heshima, akaondoka.

Wapendwa waamini, mnaotaka kumwiga Pascalia Nekoye, msilete mishumaa. Mishumaa tunayo, imejaa sanduku. Leteni mdomo.