Pazuri Tu

Kwetu Ufipa mtu aliyekula nyumbani kwa watu hatoki akasema mboga haikuwa na chumvi. Adabu hiyo nimelelewa nayo, naiheshimu, ila mwaka ule ilikaribia kunitia wazimu.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari Sumbawanga, enzi zile kila mwenye lori amegeuka mnunuzi wa mahindi na sisi wote tunavaa makoti ya mtumba kwa baridi. Vyuo viwili vilikuwa vimenikubali kusoma shahada ya uzamili. Mwajiri hutoa ruhusa ya masomo mara moja tu, na mimi nilikuwa na mtoto mchanga wa kumwachia mama. Nikikosea idara, nimeumia mimi na mwanangu.

Basi nikaanza kuulizia ile idara yenye jina kubwa kati ya zile za vyuo viwili. Mkuu wangu wa shule, aliyepita hapo, akasema, "Pazuri tu. Ni bidii yako." Ofisa mmoja wa mkoa akasema pazuri, ukiwa mnyenyekevu. Mnyenyekevu kwa nani? Akacheka, akaniagizia soda. Soda! Nani aliyemwambia nina kiu? Mtu akitaka kuoa, ukoo mzima hutumwa kuchunguza tabia za wakwe, lakini mimi nakwenda kukabidhi ujana wangu kwa wasomi nisiowajua, naambiwa pazuri tu.

Mwishowe nikaelekezwa mtaa wa Izia, kwa mama mmoja aliyesoma idara hiyo hiyo. Nilimkuta shambani pembezoni mwa mtaa, anafukia majani kwenye matuta pamoja na binti yake, aliyekuwa amenipa mgongo. Akanawa mikono, akanikaribisha togwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwalimu."

Nikamweleza shida yangu. Akatabasamu.

"Pazuri tu."

Nilitamani kupiga kelele. "Dada, nakuomba. Nina mtoto ananyonya. Niambie ukweli."

"Walinifundisha vizuri, mdogo wangu. Siwezi kuwasema."

Kwa hasira tu, nikauliza alihitimu lini.

"Bado."

"Bado?"

"Msimamizi wangu alisafiri na sura ya tatu ya tasnifu yangu. Alisema akiisoma atanirudishia. Nilikwenda kufuatilia, nikaambiwa nisubiri. Ndiyo nasubiri."

"Alisafiri lini?"

Akafikiri kidogo, kisha akaelekeza kidevu kwenye matuta. "Nilikuwa na mimba ya huyu."

Binti akageuka, akaniamkia. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili.

Hasira yote niliyokuwa nayo kwa mkuu wa shule, kwa ofisa na soda yake, sasa ilimwendea mtu nisiyewahi kumwona. Mwenzangu yeye hakuwa na hasira hata chembe. Alinisindikiza mpaka njiani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ukifika pale," akasema, "naomba uniulizie ile sura."

Nikaitikia. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba siendi tena.