Filamu Yangu Haina Ngoma

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na kazi mbili mjini Brussels, na zote zilikuwa za kusafisha. Alfajiri nilipangusa madirisha ya ofisi za Umoja wa Ulaya karibu na Schuman, kabla wenye tai hawajafika. Mchana nilifagia ukumbi mdogo wa sinema huko Ixelles, uliokuwa chini ya ardhi, wenye viti sitini na harufu ya makoti yaliyolowa. Nilikuwa nimetoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, miaka miwili nyuma. Yaliyonitoa huko sitayaeleza hapa. Nina sababu, na msomaji ataiona.

Ukumbi ule ulionyesha filamu zisizoonyeshwa kwingine. Wiki moja ya Novemba ilikuwa zamu ya Wajapani: filamu fupifupi za miaka ya sitini na sabini, kazi ya watu waliozipa kisogo studio kubwa, wakazionyesha filamu zao kwenye mabaa na vyumba vya marafiki. Hayo niliyasoma kwenye karatasi nilizookota sakafuni. Mkurugenzi wa ukumbi, bwana mwembamba aliyezoea kuniambia asante bila kunitazama, alikuwa amemwalika mmoja wao aje mwenyewe kutoka Tokyo.

Jumanne nilikuwa kwenye viti vya mbele taa zilipozimwa ghafla. Walikuwa wanajaribu mashine. Kwenye pazia akatokea mwanamke wa Kijapani, amesimama mbele ya dirisha, ndoo miguuni, tambara mkononi. Nikajua anachotaka kufanya. Namna ile ya kushika tambara naijua. Lakini alipolichovya na kuanza kupangusa, kioo kikawa cheusi. Ndoo ilikuwa ya rangi. Akapaka taratibu, kutoka juu kwenda chini, bila kuruka pembe hata moja, mpaka chumba chake kikawa giza, na sisi ukumbini tukabaki gizani pamoja naye.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokuwa nimecheka tangu nifike nchi ile.

Taa zikawaka. Nyuma yangu alikuwa ameketi mama wa Kijapani wa miaka kama sitini, nywele fupi za mvi, koti la kiume. Akanijia moja kwa moja.

"Umecheka nini?" akauliza. Kifaransa chake kilikuwa kibovu kuliko changu, na hilo likanipa nguvu.

"Nisamehe, Madame. Mimi nasafisha madirisha kila asubuhi. Huyu anafanya kazi yangu, lakini kinyume."

Naye akacheka. "Huyo ni mimi," alisema. "Mwenye nyumba alikuwa akinichungulia. Nikaziba dirisha. Rafiki yangu alikuwa na kamera. Tangu siku ile wanaume wenye miwani wananiambia filamu hii inahusu kifo."

Akanitaka nije Jumamosi, niketi mbele.

Jumamosi nilikuja na kitambaa changu cha kijani kichwani na viatu visivyo vya kazi. Mkurugenzi akanikuta mlangoni, akaninong'oneza kwamba viti vya ziada viko stoo.

"Leo nimekuja kutazama," nikamwambia.

"Filamu hizi ni ngumu. Huenda ukachoka."

"Nikichoka nitalala, kama yule," nikasema, maana mstari wa pili tayari kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akikoroma. Nikaenda kuketi.

Tulitazama filamu saba. Moja ilikuwa uso wa mtu, ukirudiwa na kurudiwa mpaka ukaacha kuwa uso. Nyingine haikupigwa kwa kamera kabisa: utepe wenyewe ulikuwa umekwaruzwa kwa kitu chenye ncha, na mikwaruzo ikarukaruka kwenye pazia kama cheche. Nilichoka, ni kweli. Zipo nilizozichukia. Lakini hakuna hata moja iliyoomba ruhusa, nami nilikuwa nimeishi miaka miwili nikiomba: karatasi, muhuri, siku nyingine ya kurudi.

Baada ya filamu kukawa na mazungumzo. Bwana mmoja alisema kirefu juu ya dirisha jeusi. Kwake lilikuwa mji ulioteketea, lilikuwa taifa lililofumba macho. Nikainua mkono. Mkurugenzi akatazama upande mwingine. Sikuushusha. Bega lilipoanza kuuma ndipo yule mama akaninyooshea kidole.

Sikusema aliyoniambia Jumanne. Hiyo ilikuwa siri yake. Nilisema nililoliona. "Mtu mwenye msiba hahangaiki na pembe. Huyu amemaliza pembe zote. Huyu amekasirika, ila hana haraka."

Wachache waliguna. Yule mama akavuta maikrofoni, akasema, "Ndivyo," akairudisha mahali pake.

Jumatatu mkurugenzi akaniita. Wageni walikuwa wameshangaa, alisema. Kila mtu ana nafasi yake. Nikamuuliza kama kuna mahali nimeacha vumbi. Akasema hapana. "Basi kazi yangu nimeifanya," nikamwambia. "Saa zilizobaki ni zangu." Hakunifukuza. Sijui alishindwa au alisahau.

Kabla ya kuondoka, yule mama wa Tokyo alitaka kuona ninakokwenda nikitoka kazini. Nikampeleka Matonge, mtaa wa Wakongo, ndani ya galeri, ule ujia wa maduka wenye paa, kwenye saluni ya mama mmoja wa Lubumbashi aliyenipokea nilipokuwa sina pa kulala. Mgeni wangu akapewa chai na kiti cha mteja. Akatazama mikono ikisuka, akatazama sindano za kushonea nywele, chupa za rangi za kucha, bakuli la hina niliyokuwa nikiwapaka wateja siku za sikukuu. Kisha akatoa kwenye begi lake roli ya utepe wa filamu, mtupu, mweupe, unaopitisha mwanga.

"Huna kamera," alisema. "Vizuri. Hapa una kila kitu."

Akanionyesha mara moja tu, akakwaruza mstari mmoja kwa sindano, akanipa. Kesho yake alipanda ndege.

Filamu ile ilinichukua majira yote ya baridi. Kila jioni nilipewa pembe ya kaunta. Nilipaka hina, nikakwaruza, nikadondosha rangi ya kucha nyekundu, nikafuta, nikaanza upya. Niliichora mikono iliyonizunguka: vidole vinavyogawa nywele, vidole vinavyokaza, vidole vinavyopumzika. Mama wa saluni alikuwa akinichungulia juu ya kichwa cha mteja.

"Mutoto wangu, sasa hii iko nini?"

"Ni sinema, maman."

"Sinema ya kukwaruza! Bon. Chunga tu sindano zangu."

Ilipokwisha ilikuwa ya dakika tatu, bila sauti. Mwaka ule ukumbi ulikuwa unaandaa alasiri ya filamu za wahamiaji, nami nikampelekea mkurugenzi utepe wangu. Aliutazama mara mbili, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Ni nzuri," alisema. "Nzuri sana. Lakini wewe umetoka Burundi. Vita viko wapi?"

"Havimo."

"Watu watataka kuelewa. Tuweke sauti yako, useme machache yaliyokupata. Na ngoma kwa chini, taratibu."

"Yule mama wa Tokyo mlimwomba aweke ngoma?"

Akasema hilo ni jambo tofauti. Nikamwomba anieleze tofauti yake, nikangoja. Akarudia kwamba watu watataka kuelewa. Nikachukua utepe wangu mezani.

Mama wa saluni aliposikia alinigombeza. "Ule bwana anataka ngoma, umupatie ngoma, inaisha! Watu waone kazi yako."

"Wakiona yenye ngoma, maman, hawataona mikono yenu. Watasikia ngoma."

Akaendelea kusuka. Mimi usiku ule sikupata usingizi. Nilijiona mjinga, kisha nikajiona mwenye haki, kisha mjinga tena. Yaliyonipata nilikuwa nimeshawaeleza maofisa wa karatasi za ukimbizi, meza baada ya meza, mpaka maneno yenyewe yakachakaa mdomoni. Dakika hizi tatu sikutaka wazipate.

Alasiri ya wahamiaji ilipofika, jina langu lilikuwa tayari limechapishwa kwenye ratiba. Mkurugenzi akaniomba nisimame niwaeleze watazamaji kwa nini filamu haipo. Nadhani alitaraji nitasema mashine imeharibika.

Nikasimama. "Filamu ipo," nikasema. "Itaonyeshwa Jumapili, saa tisa alasiri, kwenye saluni ndani ya galeri, Matonge. Haina ngoma, haina vita, na sitaieleza. Karibuni."

Niliketi. Nilikuwa sijamwomba mwenye saluni ruhusa.

Alinitukana kwa Kiswahili, kwa Kilingala na kwa Kifaransa, halafu akatoa shuka lake jeupe la harusi ya bintiye. Projekta niliazima kwa mwalimu wa shule ya jioni niliyokuwa nimeanza kusoma. Jumapili walikuja wateja, wakaja waume zao, wakaja watu sita au saba kutoka ukumbini, miongoni mwao yule mzee aliyekoroma. Mkurugenzi hakuja.

Dakika tatu ni fupi. Shuka lilipobaki jeupe, bwana mmoja tuliyemwita tonton, yaani mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni, fundi wa magari, akauliza kwa sauti:

"Donc, yaani ni ile tu? Muntu iko wapi?"

"Iko mikono!" mama wa saluni akamrukia. "Hauone mikono? Ile ya mwanzo ni yangu."

"Apana, mimi niliona samaki."

"Samaki gani? Rudisha, aone tena!"

Nikarudisha. Tuliitazama mara tano, na kila mara ugomvi ukawa mkubwa zaidi. Mzee wa ukumbini alisema ni mvua. Binti mmoja akasema ni bibi yake, akatoka nje kufuta machozi, akarudi. Hakuna aliyeniuliza habari za Buyenzi. Waligombana juu ya kitu nilichokitengeneza, na mimi nilikaa kwenye kiti cha kukaushia nywele nikiwasikiliza, sikumsahihisha mtu.

Niliendelea kupangusa madirisha ya Schuman kwa miaka mingine minne. Ule ukumbi niliuacha mwezi uleule, kwa hiari yangu. Fundi wa magari alirudi saluni Jumanne iliyofuata onyesho letu, akaniletea kopo la rangi ya kupulizia magari, ya buluu, akaniambia samaki wangu anahitaji maji.