Karafuu Kwenye Breki

Mahbuba hakujifunza kuendesha gari maishani mwake, lakini kukanyaga breki alikuwa fundi. Miaka yote ya ndoa yao, kila breki za pikapu zilipohitaji kutolewa upepo, yeye ndiye aliyepandishwa kitini, kanga kiunoni, mguu tayari. Mumewe Sleyum hulala chini kwenye gurudumu na spana yake, akaamrisha: "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Wanawake wenziwe wa mtaani kwao Mawaleh huenda kunywa kahawa kwa majirani; yeye hukanyaga. Na gereji? Thubutu! Sleyum alistaafu wizarani lakini hakustaafu ubishi, na pikapu yake kuukuu hakuruhusu mkono wa mtu mwingine uiguse.

Ijumaa hiyo kulikuwa na haraka. Binti yao Mazoon alikuwa akihama mtaa wa Azaiba kwenda Amerat, ng'ambo ya mlima, na baada ya sala angekuja kuichukua pikapu, apakie friji na kabati, auvuke nayo mlima na kuteremka ule mteremko mkali, mwanawe mdogo Alaa kando yake. Jana yake alikuwa amepeleka magodoro kwa pikapu hiyo na njia hiyohiyo, yeye na Alaa, akarudi akisema, "Baba, breki yazama." Sleyum akachungulia, akaona mafuta yanavuja gurudumu la nyuma, akanunua silinda mpya ya breki na kuahidi kwamba kabla ya adhana kazi itakuwa imekwisha.

Alipoifungua ile silinda ya zamani alishangaa. Raba zake zilikuwa teketeke, zimevimba kama maandazi.

"Sijapata kuona raba kuwa hivi," alisema. "Vitu vya siku hizi, Mama Mazoon, havina maana."

Lawama akaitwika dunia, akafunga silinda mpya. Kisha akainua boneti na kuongeza mafuta ya breki kutoka chupa ya stoo, ileile aliyokuwa akijazia tangu mwezi uliopita. Akampa chupa mkewe, aliyekwisha kaa kitini, kwa dirishani.

"Nshikie."

Harufu ya karafuu ikampiga Mahbuba usoni.

Akaitazama chupa. Karatasi ya nje ilisema mafuta ya breki. Akanusa tena. Haya yalikuwa mafuta ya nazi yenye karafuu, ya kuchulia magoti, aliyoletewa na wifi yake Khole kutoka Unguja. Chupa ya Khole ilipasukia sandukuni, akasema, "Nshayahamisha, wifi, yapo stoo." Mahbuba alitafuta asiyaone, na moyoni akamwita wifi yake mchoyo, aliyeleta zawadi akarudi nayo. Maskini Khole wa watu! Kumbe aliokota chupa tupu, akaiosha, akayatia humo.

"Baba Mazoon! Hii karafuu!"

"Karafuu gani?"

"Mafuta ya magoti yangu! Umetia mafuta ya magoti kwenye breki!"

Sleyum akaja, akatia tone vidoleni, akalisugua. Uso ukamsawijika. Alijua vyema mafuta ya nazi hufanya nini kwenye raba za breki: huzivimbisha mpaka ziachie, na siku hiyo mguu huzama hadi chini na gari lisisimame.

"Si gurudumu moja," alisema. "Raba zote zimekwisha, mbele mpaka nyuma."

Mahbuba aliiwaza safari ya jana. Alimwona Mazoon mlimani, alimwona Alaa, magodoro nyuma yao.

"Jana walikuwemo humu," alisema. "Mtoto alikuwemo humu! Nawe ulikuwa ukijaza! Mafuta yanuka hivi, hukuyasikia?"

Sleyum alitazama chini.

"Sisikii harufu. Tangu ile korona."

Mahbuba akakumbuka. Asubuhi hiyohiyo udi wake wa kila Ijumaa ulikuwa umemwishia, akafukiza ubani, na mumewe akapita akasema, "Udi wako leo umetulia." Alidhani anamtania. Kumbe Ijumaa zote hizo, sifa zote hizo, mwenziwe alikuwa akiuona moshi tu.

"Kwa nini hukunambia?"

"Nkisifu ulikuwa ukifurahi."

Alitaka kumpigia makelele, na haki alikuwa nayo. Badala yake alichomoa ufunguo, akauficha kifuani, akampigia simu Mazoon na kumwambia atafute gari la kukodi, pikapu haitoki. Sleyum hakubisha. Hilo nalo lilimtisha.

"Hili litavutwa kwenda gereji," alisema Mahbuba. "Na kila chupa ya nyumba hii ntainusa mie kwanza."

"Haya."

Sleyum aliokota spana zake taratibu, akazifuta moja moja kwa kitambaa. Kisha, bila kumtazama, akauliza:

"Na udi?"

Mahbuba alishuka garini, akakikaza kizibo cha chupa kwa nguvu.

"Udi ntakuhadithia."