Baba Mdogo na Jua la Rweya

Mtu aliyenifundisha kuupenda mwanga wa asubuhi ndiye aliyeniibia sehemu ya kibanja. Na mbele ya wazee, shahidi wake nilikuwa mimi.

Tulia, nikusimulie.

Ni zama za ujamaa, Kagera bado inaitwa Ziwa Magharibi. Kwetu ni Kamachumu. Baba alikuwa amefariki, akatuacha mimi na mama kwenye kibanja cha migomba na mibuni. Mtoto wa kiume hakuna. Ukoo mzima ulikuwa unakimezea mate.

Baba mdogo Rugaibula, tuliyepakana naye, ndiye pekee aliyetuonea huruma. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Alfajiri alikuwa ananigongea mlango.

"Klaudia waitu, Klaudia wetu, amka. Twende tukaone jua kabla ya kazi ya kijiji."

Shamba la ujamaa lilikuwa rweya, kule juu kwenye nyasi tupu, nje ya migomba. Tulifika kabla ya watu wote. Tunaweka majembe chini, tunaketi. Ziwa linaanza kuwa jeupe, kisha maji yanageuka rangi ya ndizi iliyoiva. Umande kwenye nyasi unawaka.

Nilikuwa na majonzi ya baba, na mwanga ule ulinipunguzia. Niliupenda, sisemi uongo.

Yeye aliketi akinitazama mimi, ziwa amelipa mgongo.

"Baba mdogo, mbona wewe huangalii?"

"Macho yamechoka, mwanangu. Mwanga unaniumiza. Wewe nisimulie tu."

Nami nikamsimulia, asubuhi baada ya asubuhi.

Siku moja mama akaamka na homa, sikwenda. Kulipopambazuka nikatoka kuchota maji. Nilikuwa sijaona jua likiingia kibanjani kwetu tangu msiba.

Umande ulimeta kila mahali, isipokuwa ukanda mmoja upande wa mpaka. Pale palikuwa na udongo mweusi, umetoka kuchimbwa.

Kwetu mpaka ni milamula, mimea inayopandwa kwa mstari kati ya kibanja na kibanja. Hakuna anayethubutu kuihamisha. Sasa ilikuwa imesogea ndani kwetu, imeimeza mibuni ya baba. Milamula mingine ilishaanza kuchipua. Ilikuwa inahamishwa kidogo kidogo, na mchana chini ya migomba ni kivuli kitupu, nani angegundua?

Mujuni, mtoto wa baba mdogo, alikuwa ameinama pale anashindilia mche kwa kisigino.

"Unafanya nini?"

"Napalilia," akajibu, wala hakuona haya.

Wazee wakaitwa, na balozi wa nyumba kumi akaja. Nikasema yote: Mujuni anachimba, baba yake ndiye anayemtuma.

Baba mdogo hakupandisha hata sauti.

"Mwulizeni huyu mtoto. Kila alfajiri mimi nilikuwa wapi?"

Nikamgeukia mama.

"Klaudia, jibu," balozi akasema.

"Tulikuwa wote rweya."

"Umewahi kumwona akichimba mpakani?"

"Hapana."

Mujuni akaapa kwamba milamula aliikuta palepale, na udongo ule ni wa kupalilia tu. Neno la binti mmoja, dhidi ya wanaume wawili. Wazee wakaamua ibaki ilipo. Mama alijifunga kanga yake, akaondoka bila kumuaga mtu.

Mimi nililia. Mibuni iliniuma, lakini zile asubuhi ziliniuma zaidi. Nilipigwa changa la macho na mtu niliyemwona kama baba yangu.

Kesho yake nilipanda rweya peke yangu. Nikaketi mahali pake, nikalipa ziwa mgongo kama yeye.

Kibanja chetu chote kilikuwa pale chini, na jua la asubuhi likipenya chini ya migomba, mstari wa mpaka unaonekana vizuri kabisa. Macho yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Mimi nikimsimulia jua, yeye alikuwa anamsimamia mwanawe.

Sasa mimi ni bibi, na bado naamka alfajiri. Jua halikunikosea kitu. Ila naketi mlangoni kwangu, uso kibanjani.

Wewe unayesoma, mtu akikuonyesha kitu kizuri kila siku, kitazame, ukifurahie. Halafu geuka uone yeye anatazama nini.