Vidato Saba vya Mzee wa Harrow

Kwa miaka tisa nimebadilisha treni kwenye stesheni ile ile ya katikati ya London, na kwa miaka tisa nimelaani sehemu yake moja tu. Ukishuka kwenye treni ya kwanza unapanda eskaleta, ile ngazi ya umeme, unashuka eskaleta nyingine, unafuata njia ndefu ya chini kwa chini yenye vigae vya rangi ya damu ya mzee, halafu, ukidhani umefika, unakutana na ngazi fupi ya vidato saba vya kushuka. Mbele yake sakafu inaanza kupanda tena taratibu, kana kwamba imejuta. Hapo ndipo masanduku ya wageni hugonga, vigari vya watoto hukwama, na watu wazima waliosoma hugundua ghafla kwamba wana ujumbe muhimu wa kusoma kwenye simu.

Mimi naishi Wembley na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mmoja wao alikuwa mzee wa Kihindi wa Harrow, mtaa wa jirani, mzaliwa wa Mwanza, mwenye umri wa miaka themanini na minne na magoti yaliyokwisha kustaafu kabla yake. Siku ya kwanza aliponisikia nikiongea kwa simu na dada yangu aliyeko Tanga, alizima televisheni akaniuliza kwa nini watu wa Tanga tunasema kama watu wasio na haraka ya kwenda popote. Tangu hapo hatukuongea Kiingereza tena, isipokuwa mwanawe akija. Huyo mwana alizaliwa hapa. Kiswahili alikielewa chote, ila kujibu alijibu kwa Kiingereza, na kwa kawaida jibu lenyewe lilikuwa hapana.

Asubuhi moja mlangoni kwake iliingizwa karatasi ya kutangaza kwamba stesheni yangu ya laana imepata lifti mpya na sasa iko wazi kwa kila mtu. Ilikuwa na picha ya kijana kwenye kiti cha magurudumu, anacheka kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu yeyote anayesubiri treni. Mzee aliisoma kwa kioo cha kukuzia, akaniomba nimpeleke. Nikamuuliza kuna nini kule.

"Kuna kazi yangu," akasema.

Nilidhani ni umri unaongea. Kumbe alipofika London akiwa kijana aliajiriwa kuchora ramani katika ofisi iliyopewa kazi ya kuitengeneza stesheni ile. Akanieleza kwamba hapo zamani hazikuwa stesheni moja bali mbili, za kampuni mbili zilizochukiana. Kila moja ilichimba shimo lake, ikaweka mlango wake na vigae vyake, na kumwombea mwenzake aanguke. Miaka mingi baadaye ikaamuliwa ziunganishwe. Mafundi wakachimba kutoka pande zote mbili, na walipokutana wakakuta sakafu moja iko juu ya nyingine kwa kimo cha kifua cha mtu. Bosi wake akampa hadi Ijumaa aifiche tofauti hiyo.

"Nikachora vidato," alisema.

Kwa miaka tisa nilikuwa nimemtukana aliyechora vidato vile, yeye na wazazi wake, na siku moja ya mvua, nikiwa na mifuko minne, niliongeza walimu wake. Na asubuhi hiyo nilikuwa nimemfunga vifungo vya shati.

Mwanawe alikataa, kisha akakubali kwa sharti la kujaza fomu. Kampuni yangu nayo ilikuwa na fomu. Moja iliuliza kama mteja anaelewa madhumuni ya safari. Mzee akaniambia niandike: kukagua.

Tukaenda Alhamisi saa nne asubuhi, yeye kwenye kiti cha magurudumu, mimi nikimsukuma. Sina budi kusema kweli: lifti ilikuwa nzuri. Ilinukia rangi mpya, na sauti ya mwanamke ndani yake ilituaga kwa upole zaidi kuliko daktari wangu. Tukapita njia ya vigae, mzee akilalamikia namna vilivyozibwa mianya, hadi tukafika penyewe. Juu ya vidato saba palikuwa na kibao kipya cha buluu chenye picha ya kiti cha magurudumu na mshale. Mshale ulielekeza chini, kwenye vidato.

Mfanyakazi wa stesheni akaja, mtu mstaarabu sana. Alieleza kwamba stesheni inafikika kikamilifu, kwa sababu treni ya kwanza ina lifti yake na treni ya pili ina lifti yake. Nikamuuliza na hapa katikati je. Akasema hapa katikati si stesheni hasa, ni njia ya kuunganisha, na inashughulikiwa na idara nyingine. Tupande juu, tutoke nje, tuvuke barabara, tuingie kwa mlango wa pili.

Mzee akaomba tukae kidogo. Abiria walitupita. Bwana mmoja akashusha sanduku lake, likagonga mara saba, akasema kwa Kiingereza, bila kumlenga mtu, kwamba angependa kukutana na mpumbavu aliyebuni kitu hiki. Mzee akanyoosha mkono, akamwambia ni yeye, akamwomba radhi. Yule bwana akamtazama, akakitazama kiti, akaomba radhi yeye mwenyewe mara tatu, akaondoka karibu anakimbia.

Tulicheka hadi nikamfuta machozi. Kisha akavitazama vile vidato, kimoja kimoja.

"Waliniambia ni vya muda tu," akasema. "Na nilikuwa na miaka ishirini na sita, dada. Sikujua kama goti ni kitu."

Ikabidi nami niungame matusi yangu. Akataka kuyasikia yote, nikamtajia yale yanayotajika. Alisema ni haki yake, ila ya walimu niyafute, maana walimu wake walikuwa watu wazuri.

Tulipofika nyumbani alitaka ubao wake wa kuchorea uletwe kutoka gereji. Kwa wiki mbili alichora mteremko wa kupitisha kiti, wenye kona moja ya kugeukia, safi kabisa. Nikautuma mchoro kwa wakuu wa stesheni pamoja na barua yake. Jibu likaja. Walimshukuru kwa kuipenda historia ya stesheni, wakasikitika kumjulisha kwamba vidato vile vimewekwa katika orodha ya kumbukumbu za kuhifadhiwa, kwa kuwa vinaonyesha ubora wa kazi ya zama zake. Haviguswi.

Mwanawe aliisoma barua ile akaishusha. "Baba, umekuwa mnara wa kumbukumbu," akasema, kwa Kiswahili. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akikisema. Mzee alijifanya hakusikia, lakini masikio yalimwiva.

Akaandika tena, akisema yeye ndiye mchoraji na anaomba vibomolewe. Wakajibu kwamba uamuzi wa namna hiyo unahitaji maoni ya mbunifu wa asili, ambaye kwa mujibu wa kumbukumbu zao hajulikani.

Mzee akanitazama juu ya miwani.

"Andika," akasema. "Waambie yupo Harrow, waje asubuhi. Mchana hulala."