Kinubi cha Baba Siku Dada Alipoolewa

Jumamosi iliyopita nilikuwa Embu mjini, kwenye karamu ya harusi ya binti wa dada yangu. Kando ya meza ya keki alikaa kijana wa suti nyeupe na kinubi kirefu kuliko yeye mwenyewe, kimekodishwa kutoka Nairobi. Alikipiga vizuri, sikatai. Lakini watu walikuwa wamepanga foleni ya pilau, simu mkononi, na hakuna aliyegeuza shingo. Mimi sahani ilinishinda. Kimawazo nilikuwa nimesharudi kijijini Kiambere.

Kwetu, ndugu yangu, kinubi kilikuwa kidogo, cha kupakatwa. Baba alijifunza kukipiga wakati bwawa la umeme likijengwa pale kwetu, kwa mfanyakazi mwenzake aliyetoka upande wa magharibi. Kazi ilipoisha yule mtu akarudi kwao, Baba akabaki na ufundi. Alichonga mti, akawamba ngozi ya mbuzi, akafunga nyuzi nane za nailoni za wavuvi wa bwawani. Jioni alipiga huku sisi tukichambua ndengu na Mama. Siku hizo mawe mengi yalitupita, na Mama alilalamika kila alipoyatafuna.

Harusi zote za pale kwetu alipiga yeye. Kwa hiyo dada alipochumbiwa na mwalimu wa Kianjokoma, hakuomba gari la maua wala nini. Aliomba kitu kimoja tu, Baba ampigie kinubi siku yake. Baba akasema sawa.

Wazee wakakataa. Walisema baba wa bibi harusi hukaa kitini akapokea wageni; hawezi kuwatumbuiza watu waliokuja kumchukua mtoto wake. Itaonekana anawabembeleza wamwondolee mzigo. Nilikuwa na miaka kama tisa na niliona ni upuzi mtupu, na hadi leo naona hivyo. Nilidhani Baba angewapuuza.

Siku ikafika. Nyama ya mbuzi ilinukia tangu asubuhi, chapati zikapangwa kwenye mabeseni, uji wa mawele ukajazwa vibuyuni. Wakwe walikuja na spika mbili na kanda zao, muziki ukalia hadi kuku wakajificha chini ya ghala. Baba alikaa katikati ya wazee na koti lake la kijivu, mikono magotini, kama mtu anayengojea daktari. Dada alikula akimwangalia. Mwishowe aliinua gauni lake, akaingia nyumbani, akatoka na kinubi na kumwekea mapajani mbele ya watu wote. Mtu akazima spika. Wazee wakakohoa.

Dada ana jina la nyanya yetu, kwa hiyo Baba alimwita Mama siku zote. Nilikuwa karibu nikigawa soda, nikamsikia akimwambia taratibu, "Mama, nikikipiga hapa nitakuwa nimekubali uende."

Akakiweka chini. Dada alirudi mahali pake na hakula tena. Nilimchukia Baba siku hiyo, nasema wazi.

Saa kumi gari likaondoka, likateremka mlima kwa mwendo wa kobe. Wanawake walicheka kwamba dereva wa Kianjokoma anaogopa mawe yetu. Mimi nikaenda kulia zizini, juu kidogo ya barabara, nikamkuta Baba ameketi kwenye jiwe la chumvi ya mifugo, koti amelivua, anapiga. Aliniona, akaendelea. Alipiga wimbo aliouandaa kwa ajili ya dada, wote, mpaka vumbi la gari likatulia.

Sikumwambia dada. Mwanzoni niliogopa angeumia zaidi akijua ameukosa kwa dakika chache tu, halafu miaka ikapita. Baba alifariki. Kinubi kililiwa na mchwa, ngozi ikachukuliwa na mbwa. Zizi ni shamba la ndengu sasa. Wavuvi wapo bado, ila nyuzi zao zinavua samaki tu, na watoto wetu wakitaka kinubi wanapiga simu Nairobi.

Jumamosi, yule kijana wa suti alipopumzika anywe maji, nilishindwa kunyamaza. Nilimwambia dada yote, zizi, jiwe la chumvi, koti, wimbo. Alikuwa anamenya chungwa. Alimaliza kulimenya, akanipa nusu.

"Nilisikia," akasema. "Ni mimi nilimwambia dereva aende polepole."