Nyuzi za Gitaa la Kambale

Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa mchana, nikiwa macho na sijaonja kileo. Nasema hivyo mapema kwa sababu mjane akieleza jambo kama hili, watu husema ni majonzi. Majonzi nayajua, nimelala nayo mwaka mzima. Hili lilikuwa kitu kingine.

Mimi ni mshonaji, naishi mtaa wa Katoyi. Masomo yangu yaliishia darasa la sita. Mume wangu Kambale alifariki kwa ugonjwa, na katika vitu vyake nilichobaki nacho ni gitaa. Kila jioni alikuwa akipiga wimbo mmoja wa polepole, muziki wa kusomwa kwenye karatasi, ule wanaouita klasiki. Siku zote alikomea mahali pamoja, kwa sababu karatasi ya pili aliiacha kwao. Nikimuuliza, "Na mwisho?" ananijibu, "Mwisho uko Butembo, mama, haujapata gari." Tulicheka hivyo miaka mingi.

Nyuzi zake zilikuwa zimechakaa, nikazitoa. Nikaamua nitajifunza wimbo ule niupige kwenye misa yake ya mwaka, na nilitaka kanisa zima lisikie. Nyuzi zile zilikuwa za nailoni, lakini nilidhani Kambale alizitumia kwa kukosa chuma tu.

Nikalibeba gitaa hadi mtaa wa Murara, na muuzaji mmoja wa huko alinionyesha za aina zote mbili.

"Chukua ya chuma, mama. Nailoni inaongea kama mutu wa homa. Na chuma, batakusikia mpaka Bunagana."

"Nataka kujifunza klasiki."

"Klasiki, rumba, vidole ni vilevile. Ila chuma itakuuma wiki mbili."

"Vidole vyangu vimezoea sindano."

"Basi, nani atakuzuia?"

Nikachukua za chuma. Alitaka kuzifunga palepale, nikakataa. Nilitaka kuzifunga nyumbani kwa mikono yangu.

Sikufika mbali, mvua ikanikuta. Nikajibanza kwenye baraza la duka lililofungwa. Upande mmoja alikaa mama anayeuza yuniti za simu, na upande wangu alisimama muzee mmoja. Mvua ilikuwa inapigwa na upepo na kutulowesha sote, lakini koti la muzee yule lilikuwa kavu. Niamini, nililiangalia mara mbili. Kisha nikaona mikono yake. Kucha za mkono wa kuume zilikuwa ndefu, zimesuguliwa vizuri. Za kushoto zimekatwa hadi kwenye nyama. Mikono ya namna ile niliijua. Kambale alikuwa nayo hivyohivyo kwa ajili ya kupiga nyuzi, na majirani walimsengenya kwamba ni mulozi, yaani mchawi. Lakini uso haukuwa wa Kambale. Sitakudanganya ili kisa kiwe kitamu.

"Mama, unapeleka wapi gitaa haina nyuzi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha pakiti. Hakuigusa.

"Kitambaa chepesi, unakishona na uzi wa viatu?"

Nani alimwambia kwamba mimi ni mshonaji? Sikuwa na mkasi wala futi shingoni. Hata hivyo nikajibu, "Hapana, muzee. Kitapasuka."

"Basi ona hapa." Akaweka ukucha kwenye kile kibao kidogo ambapo nyuzi hufungwa, chini ya tundu la gitaa. "Hapa zilifungwa kwa fundo. Kibao kinashikwa na gundi tu, na mbao ya chini ni nyembamba. Chuma inavuta sana. Itang'oa kibao, shingo itapinda, halafu hautakuwa na kitu cha bwana yako."

"Lakini nailoni haisikiki mbali."

"Nipe."

Nikampa. Akakaa juu ya ngazi, akaanza kupiga gitaa lisilo na uzi hata mmoja. Vidole vilipita hewani juu ya tundu tupu, na mimi nilisikia wimbo wa Kambale, laini, kila sauti mahali pake. Ulipofika pale alipokuwa akikomea, nilishika ukuta. Haukukoma. Uliendelea, ukashuka taratibu, ukamalizika kwa sauti moja ya juu, peke yake.

Kwenye mazishi sikulia. Pale nililia. Nilipofuta macho, gitaa lilikuwa mapajani mwangu na muzee hayupo.

"Muzee ameelekea wapi?" nikamuuliza mama wa yuniti.

"Muzee gani? Unaongea na gitaa yako tangu mvua ianze. Nikasema nikuache, kila mutu na bwana yake."

Nilirudi kwa yule muuzaji, akanicheka, lakini akanibadilishia, akanipa za nailoni, nikazifunga mwenyewe usiku ule. Kesho yake nikalipeleka gitaa kwa mwalimu wa kwaya ya parokia yetu. Akakagua kile kibao, akasema chuma kingeking'oa. Nilipomwimbia wimbo kwa mdomo, aliujua, akatafuta karatasi zake na kuupiga mpaka mwisho. Ulishuka taratibu, ukamalizika kwa sauti moja ya juu.

"Mwisho huu uliusikia wapi?" akaniuliza, maana nilikuwa nimetangulia kuutoa kwa mdomo.

"Murara," nikasema. Ningesema nini zaidi?

Siku ya misa nilikuwa nimejua mistari miwili tu. Niliipiga. Watu wa nyuma hawakusikia kitu. Mama mkwe, ambaye tangu mazishi hatukuwa na maneno mengi, aliondoka kwenye benchi lake akaja kukaa karibu nami, akanishika bega, akasema, "Rudia."

Tangu wakati ule sipiti tena kwenye baraza lile. Siyo kwa hofu ya muzee. Naogopa kwamba nikipita mara moja nitaanza kwenda kila siku kumtafuta, niache kazi.

Wewe unayesoma, kama umeachiwa gitaa, usilifunge nyuzi kwa haraka kwa kuwa mtu kakuambia zitasikika mbali. Angalia kwanza nyuzi zake zilifungwaje. Ukiona zilifungwa kwa fundo, tia nailoni, hata kama unaona aibu kwa sauti yake ndogo. Kibao kikishang'oka, hakuna mkono utakaokurudishia gitaa lilivyokuwa. La kwangu ni zima. Jana jioni nilifika mstari wa tano.